Gati la Osanbashi, Yokohama: liwahi jua

Sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili mwaka mzima, kosa letu la kwanza Japani ni kuchelewa. Desemba jua la Yokohama linazama yapata saa kumi na nusu. Ukisubiri kutoka kazini, utakuta giza. Juni mwanga unakaa hadi kama saa moja. Angalia saa ya machweo kwenye simu, kisha ufike Osanbashi nusu saa kabla.

Ukiwa Shibuya, Tokyo, panda treni ya Toyoko Line inayoendelea hadi Minatomirai Line, ushuke Nihon-odori. Kutoka hapo ni mwendo wa dakika chache kwa miguu. Njia hii si ya kampuni ya reli ya JR, kwa hiyo mwenye pasi ya JR ni heri ashukie stesheni ya Kannai, atembee robo saa hivi.

Gati lenyewe ni la tangu 1894, ila jengo la sasa la abiria lilikamilika 2002, na uzuri uko juu ya paa. Sakafu ni ya mbao, inapanda na kushuka taratibu, ndiyo maana wenyeji wanaliita mgongo wa nyangumi. Hakuna kiingilio, usiku wala mchana. Unapanda kwa mtelemko, si kwa ngazi, kwa hiyo kigari cha mtoto kinapita vizuri. Mvua ikinyesha mbao zinateleza, na upepo wa majira ya baridi unapenya hadi mifupani: vaa koti zito. Taka zako rudi nazo nyumbani.

Ukitazama baharini, kushoto yanawaka majengo ya Minato Mirai. Kulia ni daraja la Bay Bridge na upande wa gati la Daikoku, kunakopakiwa magari. Kwenye bandari hii ndiko hupandia melini baadhi ya magari yaliyotumika yanayoshushwa Mombasa na Dar es Salaam. Mimi hapo husimama muda mrefu.

Ukitaka kumwonyesha mama machweo kwa video, usihangaike na hesabu. Japani iko saa sita mbele ya Afrika Mashariki, kwa hiyo pale mishale ya saa ya ukutani Yokohama inapoonyesha nne na nusu, jua likizama, nyumbani ni saa nne na nusu asubuhi. Mpigie.