Jinsi ya Kusambaza Programu Yenye Msimbo Huria Bila Kuvunja Leseni

Msimbo huria ni msimbo wa programu ambao mwenyewe ameruhusu wengine wautumie na kuusambaza kwa masharti ya leseni. Kazi ya kuyatimiza masharti hayo hufanywa kabla toleo la programu yako halijatoka.

Hatua ya 1: Orodhesha kila kipande cha msimbo kisicho chako, pamoja na maktaba (msimbo ulio tayari unaotumiwa ndani ya programu) zinazotegemewa na maktaba zako. Andika jina, toleo na leseni. Isome leseni ndani ya faili zenyewe (LICENSE au COPYING), kwa sababu tovuti ya mradi huweza kusema hivi na faili zikasema vile. Kipande kisicho na leseni kiondoe. Msimbo kuwekwa hadharani si ruhusa ya kuusambaza.

Hatua ya 2: Kwa leseni za MIT na BSD, ambatisha notisi ya hakimiliki na maandishi ya leseni, hata kama unatoa faili tekelezi (programu iliyo tayari kuendeshwa) peke yake. Wengi hukosea hapa: notisi hubaki kwenye msimbo, mtumiaji akapokea programu isiyo na hata mstari mmoja wa leseni. Leseni ya Apache 2.0 inakutaka pia utaje faili ulizozibadilisha, na ubebe notisi zilizomo katika faili ya NOTICE kama ipo.

Hatua ya 3: Kati ya leseni hizi, GPL ndiyo inayodai kazi zaidi. Aliyepewa faili tekelezi ana haki ya kupata msimbo chanzo (ule ulioandikwa na waandaaji) kamili wa toleo hilohilo, pamoja na skripti za kuukompaili, yaani kuugeuza kuwa faili tekelezi. Kiungo cha mradi asilia hakitoshi ukiwa umebadilisha chochote, maana mabadiliko yako hayamo humo. GPL 2 (toleo la 2 la leseni hii) inaruhusu ahadi ya maandishi ya kutoa msimbo, nayo lazima idumu angalau miaka 3. Ni afadhali kuuweka msimbo palepale ilipo programu, kuliko kuutafuta miaka 2 baadaye aliyeujua akiwa ameshaondoka.

Kisha jaribu: fungua furushi la msimbo kwenye kompyuta isiyo na kitu chako, ukompaili. Ikigoma, kuna kiraka (badiliko dogo la msimbo) au faili ya usanidi iliyosahaulika.

Hatua ya 4: Kagua michanganyiko. Msimbo wa “GPL 2 pekee” hauunganishwi na wa Apache 2.0 katika programu moja. Ukiandikwa “toleo la 2 au la baadaye”, chagua GPL 3 na tatizo limekwisha.

Ukijulishwa kosa, rekebisha upesi. Chini ya GPL 2 haki zako hukatika papo hapo. GPL 3 inazirudisha ikiwa ni mara ya kwanza mwenye hakimiliki huyo kukujulisha, nawe ukarekebisha ndani ya siku 30.