Namna ya kusaka rekodi za TV za jazz zilizopotea, hatua kwa hatua

Mjomba wangu alisoma London miaka ya sitini. Mwaka jana tumekaa barazani kwake Tanga akanihadithia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, kwamba Novemba 1966 aliingia ukumbini pale London School of Economics akamkuta Albert Ayler anapuliza saksofoni, mdogo wake Donald yuko na tarumbeta, kuna Mholanzi anapiga fidla, na kamera za BBC zimetanda kila upande. Akaniambia, "Mjomba, wewe ndo unayajua haya mambo ya intaneti, hebu nitafutie ile picha niione na mimi."

Kazi hii ya kusaka rekodi za jazz za TV naifanya miaka kadhaa sasa kwa hiyo nikakubali palepale, nikidhani ni ya siku mbili. Ilichukua miezi minne. Naandika njia yote hapa ili mwingine akiombwa na mjomba wake asipotelee pale nilipopotelea mimi.

Hatua ya 1: Jua kwanza kama kitu kilirekodiwa, na kilirekodiwa kwenye nini

TV za mwanzo zilikuwa zinarusha moja kwa moja, kikiisha kimeisha. Ukitaka kubakiza kipindi unaweka kamera ya filamu mbele ya skrini ya TV unakipiga picha, hiyo ndo kineskopu. Mwaka 1956 Ampex wakaleta mkanda wa video wa inchi mbili, mashine nzuri sana, ila mkanda wenyewe ulikuwa bei mbaya na ulikuwa unafutika, kwa hiyo vituo vikawa vinafuta cha jana ili virekodi cha leo. BBC walifanya hivyo miaka na miaka mpaka 1978 walipoanzisha maktaba rasmi ya filamu na video.

Maana yake kwa msakaji ni moja, tegemea filamu kuliko mkanda. Filamu huwezi kuifuta ukarekodi tena juu yake. Charlie Parker akiwa na Dizzy Gillespie kwenye DuMont, kituo cha TV cha Marekani, tarehe 24 Februari 1952, tunamwona leo kwa sababu kineskopu ilibaki. Hazel Scott alikuwa na kipindi chake mwenyewe DuMont hiyohiyo mwaka 1950, mwanamke mweusi anaongoza kipindi chake kwenye TV ya Marekani mwaka 1950, na hakuna hata kimoja kinachojulikana kuwepo. Mimi hilo linaniuma mpaka leo.

Na angalia pia kama TV yenyewe ilikuwepo. Mtu mmoja aliniomba nimtafutie Louis Armstrong "kwenye TV ya Kenya" ile safari yake ya Afrika ya 1960. TV Kenya imeanza 1962, Tanzania Bara 1994. Hapo unatafuta filamu za habari za sinema na za serikali, usipoteze muda na TV.

Hatua ya 2: Tarehe. Soma hii taratibu

Hapa ndo nililala macho. Kuna tovuti inaitwa BBC Genome, ni ratiba zote za gazeti la Radio Times kuanzia 1923 mpaka 2009, bure kabisa. Nikaingia nikapekua Novemba 1966 yote, BBC2, siku baada ya siku. Hamna. Nikaenda Desemba, nikaenda 1967 mwezi kwa mwezi, nikajaribu kuandika jina kwa makosa, Aylor, Eyler, Ailer, nikampigia mjomba kumuuliza kama ana uhakika ni Ayler na sio mtu mwingine, akakasirika kidogo maana yeye alikuwepo. Wiki nzima usiku kwa usiku.

Shida ni kwamba Radio Times ni ratiba ya vinavyorushwa, sio vinavyorekodiwa. Ile konseti ilirekodiwa tarehe 15 Novemba 1966 kwa ajili ya mfululizo wa BBC2 ulioitwa Jazz Goes to College, ila yenyewe haikurushwa kabisa, na baadaye mkanda ukafutwa. Kitu ambacho hakikwenda hewani ratiba haiwezi kukijua, hata upekue miaka kumi.

Kwa hiyo fungua eksel (sio noti za kwenye simu tafadhali, utachanganyikiwa) weka safu mbili tofauti, TAREHE YA KUREKODI na TAREHE YA KURUSHWA, na usije ukaziunganisha hata kama unaona zinafanana. Vitabu na orodha za wanajazz mara nyingi vinakupa ya kurekodi. Magazeti yanakupa ya kurushwa. Tofauti inaweza kuwa kubwa kuliko unavyofikiria, ile rekodi maarufu ya Miles Davis na John Coltrane wakiwa studio za CBS New York ilirekodiwa 2 Aprili 1959 ikarushwa Julai 1960, zaidi ya mwaka mzima.

Mengine ya kuangalia kwenye tarehe, na haya nimeyalipia kwa muda wangu:

Wamarekani wanaanza na mwezi. Coltrane na Eric Dolphy walirekodiwa Baden-Baden, Ujerumani, tarehe 4/12/1961, yaani Desemba nne, ila Mmarekani akiisoma anaona Aprili kumi na mbili na ndivyo atakavyoandika kwenye klipu yake. Kinyume chake pia kipo, Charles Mingus na kundi lake walirekodiwa na NRK, TV ya Norway, mjini Oslo tarehe 12 Aprili 1964 na Dolphy yumo. Ukikuta mahali pameandikwa Desemba 1964 ujue kuna mtu kaigeuza, kwa sababu Dolphy alifariki Juni 1964, Berlin.

Kipindi cha saa sita na robo usiku, magazeti mengi yanakiweka chini ya siku iliyotangulia. Rekodi ya usiku mmoja inaweza kukatwa ikawa vipindi viwili vyenye majina tofauti. Marekani kineskopu ilikuwa inatumwa kwa posta kutoka kituo kimoja kwenda kingine kwa hiyo kipindi kilekile kina tarehe tano kwenye miji mitano, na hiyo ni habari njema, maana yake kulikuwa na nakala zaidi ya moja barabarani. Na gazeti lilichapwa kabla, kipindi kinaweza kubadilishwa dakika ya mwisho, kwa hiyo tafuta pia gazeti la kesho yake uone kama kuna aliyekiandikia uhakiki. Ukipata uhakiki umepata ushahidi kwamba kilirushwa kweli.

Hatua ya 3: Tafuta jina la kipindi, usitafute jina la msanii

Makopo ya filamu kwenye maktaba za TV hayajaandikwa "Thelonious Monk". Yameandikwa jina la kipindi na namba. Ukitafuta Monk unapata kelele, ukitafuta Jazz 625 (kipindi cha BBC2 cha 1964 mpaka 1966, jina limetokana na mistari 625 ya picha) unapata orodha. Kujua nani alitokea kwenye kipindi gani nenda kwenye orodha ya David Meeker ya jazz kwenye filamu na TV, iko kwenye tovuti ya Library of Congress, kwangu mimi hiyo ndo ya kwanza kufunguliwa. Magazeti ya zamani ya redio na TV yameskaniwa kwa wingi kwenye World Radio History.

Usianzie YouTube. Narudia, usianzie YouTube, klipu moja imepandishwa mara arobaini na kila mmoja kaweka mwaka wake. YouTube ni ya mwisho, ukishajua tarehe, ndo unaenda kulinganisha nani anapiga ngoma, nani yuko kwenye besi, pazia la nyuma likoje.

Na ukigugo kwa Kiswahili ukaweka neno jazz utaletewa Morogoro Jazz, Western Jazz na OK Jazz. Muziki nnaoupenda sana, ila ni dansi, sio hiki tunachosaka hapa.

Hatua ya 4: Toka nje ya nchi ilikorekodiwa

Wanamuziki wa Marekani walikuwa wanazunguka Ulaya, na kila walipolala TV ya pale iliwataka. Kwao Marekani wamefutwa, ila Ubelgiji, Norway, Sweden, Denmark na Uholanzi wapo. Mfululizo wa DVD wa Jazz Icons ulioanza 2006 ulitoka humohumo, makabati ya vituo vya Ulaya. Ukikwama na mji mmoja chukua ratiba ya ziara nzima halafu uulize kila mji uliofuata.

Hatua ya 5: Ulizia na mabaki

Kipindi kilichorushwa ni kipande tu cha kilichopigwa picha. Desemba 1969 TV ya Ufaransa ilimrekodi Monk studio Paris. Miaka mingi baadaye mwongozaji Alain Gomis, Mfaransa mwenye asili ya Senegali na Guinea-Bissau, alipewa na watu wa INA (hifadhi ya taifa ya redio na TV ya Ufaransa) vile vipande ambavyo havijahaririwa, vyenye maswali yanayorudiwarudiwa na Monk ametulia tu kimya anatoka jasho, na mwaka 2022 akavitolea filamu nzima. Kwenye katalogi za Kifaransa andika neno rushes. Mimi napenda mabaki kuliko kipindi chenyewe kwa kweli, unamwona mtu.

Hatua ya 6: Barua pepe

Fupi. Jina la kipindi, kituo, tarehe zote mbili, swali moja. Ukiuliza "mna chochote cha Duke Ellington?" hujibiwi. Andika kwa lugha yao hata kama umetafsiri kwa mashine, na chini yake weka Kiingereza. Sehemu moja ilinijibu baada ya miezi saba ikasema hawana, nikaandika tena mwaka uliofuata baada ya wao kupanga upya katalogi, kumbe wanayo. Kwa hiyo "hatuna" iandike na tarehe uliyoambiwa, halafu rudi.

Hatua ya 7: Ukilipata kopo

Usiliweke kwenye projekta. Hata kama mwenye nyumba anayo projekta na inafanya kazi, usiliweke, filamu ya zamani inasinyaa na meno ya mashine yataichana. Fungua kifuniko kidogo, nusa. Ikinuka siki imeanza kuoza, itenge na nyingine, iweke pakavu na baridi kadiri unavyoweza, na kwa joto la huku pwani usikae nayo wiki mbili ukifikiria.

Halafu soma lebo. COMOPT au COMMAG maana yake sauti iko kwenye filamu ileile. SEPMAG maana yake sauti iko kwenye rili nyingine kabisa, na hili nilijifunza nikiwa nimeshasafirisha kopo la picha peke yake, wanamuziki wanne wanapiga hakuna hata noti moja, ikabidi kurudi kutafuta la pili. Ukiona SEPMAG usiondoke hapo bila makopo mawili. Mkanda wa video nao usiuamini kwa maandishi ya boksi, ulitumika tena na tena na boksi likabaki lilelile.

Sasa ya mjomba. Nilienda Tanga mwenyewe kumwambia kwamba ule mkanda umefutwa, sikutaka kumwambia kwa simu. Alikaa kimya muda mrefu. Halafu akaniomba karatasi, akachora ukumbi, kamera zilipokaa, nyaya zilipopita, yeye alipokaa, fidla ilikuwa upande gani. Nikawasha simu nikamrekodi anavyoeleza mpaka magharibi.

Kwa kuwa konseti haikurushwa hakuna aliyeweza kurekodi sauti yake nyumbani kutoka kwenye TV, kwa hiyo huo mlango umefungwa. Kilichobaki ni picha za mnato na gazeti la wanafunzi wa LSE, The Beaver, matoleo ya zamani yapo kwenye maktaba ya dijitali ya chuo. Hapo ndo nilipo sasa hivi. Na kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyesoma London miaka hiyo, muulize kama aliwahi kuwa na kamera, na zile negativu ziko sanduku gani.