Nyumba za mkopo wa vijijini wa USDA: anzia kwenye ramani, si kwenye matangazo

Wanunuzi wengi huona nyumba, wakaipenda, ndipo wakauliza kama inakubalika. Geuza mpangilio huo. Mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na Wizara ya Kilimo ya Marekani, USDA, haudai malipo ya awali, ila nyumba lazima iwe mahali ambapo wizara yenyewe inapahesabu kuwa ni vijijini. Mpaka wa maeneo hayo haufuati mpaka wa kaunti, wala jina la mji lililoandikwa kwenye anwani.

Ingia kwenye eligibility.sc.egov.usda.gov, uchague Single Family Housing Guaranteed, yaani mkopo unaotolewa na benki kwa dhamana ya serikali, kisha ukubali masharti. Andika anwani yoyote ya katikati ya kaunti yako, halafu isogeze ramani mbali hadi kaunti nzima ionekane. Hapa wengi huteleza: sehemu zilizotiwa rangi ndizo ZISIZOKUBALIKA. Mara nyingi ni mji mkubwa na vitongoji vyake. Kilichobaki bila rangi ndicho unachokitafuta.

Usidhani kijijini maana yake ni shambani tu. Kwa kawaida mji wenye watu hadi 10,000 unahesabika. Ulio nje ya eneo la jiji kubwa unaweza kufika 20,000 ikiwa mikopo ya nyumba ni haba pale, na baadhi ya miji iliyokuwa ikihesabika zamani huendelea kukubaliwa hadi watu 35,000.

Andika majina ya barabara zinazofanya mpaka wa rangi. Kisha, kwenye tovuti ya matangazo ya nyumba, chora eneo lako kwa mkono badala ya kutafuta kwa msimbo wa posta, kwa sababu msimbo mmoja unaweza kuangukia pande zote mbili za mpaka. Nyumba yenye jina la jiji kwenye anwani inaweza kuwa nje kabisa ya jiji hilo. Ni posta tu inayoihudumia. Nyumba nzuri hupotea hivyo, kwa mtu kusoma anwani na kuipita.

Ukishapata orodha, ingiza kila anwani peke yake. Barabara ikiwa mpya, mfumo huweza kuweka alama mahali pengine, hivyo linganisha na picha ya setilaiti kama alama imekaa juu ya paa lenyewe. Mpaka ukipita katikati ya barabara, upande mmoja hukubaliwa na wa pili hukataliwa. Hifadhi picha ya skrini yenye tarehe, maana ramani hurekebishwa.

Kwenye tovuti hiyohiyo pima na kipato. Kikomo ni asilimia 115 ya kipato cha kati cha eneo, na huhesabiwa cha watu wazima wote wanaoishi nyumbani, hata asiyetia sahihi mkopo. Kaya ya mtu 1 hadi 4 ina kikomo kimoja, ya 5 hadi 8 kingine. Gharama za kulea watoto wadogo zinaweza kupunguzwa, basi usikate tamaa ukizidi kidogo.

Nyumba yenyewe nayo ina mambo yake. Shamba la kuingiza kipato halikubaliki. Ekari nyingi peke yake si kosa, lakini mabanda yanayotumika kwa kilimo cha biashara ni kosa. Kisima hutakiwa kipimwe maji, na umbali wake kutoka tanki la maji taka uwe angalau futi 50, na futi 100 kutoka eneo maji hayo yanakonyonywa na ardhi. Muulize muuzaji kisima kiko wapi kabla ya kulipa ada ya mthamini. Njia ya kuingilia ikiwa ya binafsi, haki ya kuipita iwe ya kudumu na imesajiliwa.

Hesabu ya ada: nyumba ya dola 200,000, ada ya dhamana ya asilimia 1 ikijumuishwa kwenye mkopo, inaleta mkopo wa takriban dola 202,020. Ada ya mwaka ya asilimia 0.35 huongeza karibu dola 59 kwa mwezi katika mwaka wa kwanza. Mthamini akisema nyumba ina thamani ya 206,000, zile 6,000 zilizozidi bei zinaweza kulipia gharama za kufunga mauzo.

Benki ikishaidhinisha, faili huenda ofisi ya USDA kwa idhini nyingine, na hapo ndipo siku huongezeka, hasa mwaka wa fedha unapoanza Oktoba 1. Omba siku 45 kwenye mkataba badala ya 30, na kifungu cha kurudishiwa amana, yaani fedha ulizotanguliza kushikilia nyumba, endapo USDA itaikataa nyumba.