Jinsi ya kuanzisha siku ya bodi gemu na vita vya mezani hapa Kisumu, na watu warudi tena

Wacha nianze na kitu chenye kinaua vikundi vingi vya gemu, na si pesa. Mtu anakuja mara ya kwanza, anakaa masaa matatu, gemu bado, giza inaanza kuingia, anaangalia simu, anasema "wacha nikimbilie matatu ya Maseno nisikwame," anaenda. Hamkumfukuza lakini harudi, juu ameondoka bila kujua kama alikuwa anashinda ama anapigwa. Kwa hivyo kila kitu naandika hapa, kutoka kutafuta mahali hadi kukata katoni, kinaenda kwa jambo moja: kila mwenye ameketi mezani amalize gemu moja nzima kabla ya kwenda nyumbani.

Mahali kwanza. Kwa nyumba ya mtu ni sawa mkiwa wanne, lakini mkitaka watu wapya, msichana mwenye hajawahi waona hawezi kuja kwa bedsita ya mtu hamjui, na ako sawa kabisa. Tafuta hoteli yenye meza za kukaa sawa, uende ukaongee na mwenyewe mapema, wiki moja kabla. Sisi mwanzoni tulienda tu hoteli moja hapa tauni Jumamosi saa sita, watu tisa, soda mbili, meza tatu zote tumeshikilia wakati wa lanchi, na mwenyewe akatuambia tuamke katikati ya gemu. Alikuwa na haki. Mara ya pili nilienda kwingine asubuhi kabla ya kazi kuchanganya, nikamwambia, "Mama, habari ya kazi. Tuko vijana kama wanane, tunacheza gemu za meza, hakuna kamari, hakuna kelele. Tukuje saa nane watu wakishamaliza kula, kila mtu aagize chakula, na saa kumi na moja na nusu tuwe tumetoka." Akaniuliza tu, "Na mkikula mtalipa kila mtu yake?" nikamwambia ndio mama, tukaelewana. Hiyo ya kamari iseme mwenyewe kabla uulizwe, juu mtu akiona dadu anafikiria vingine. Na uliza kama wanaonyesha mechi za Uingereza, juu Jumamosi jioni ikifika kiti hutapata na sauti ya mtangazaji wa TV itameza ya kwenu.

Ukiwa hapo angalia feni inapiga wapi. Kadi zinaruka. Angalia pia upande wenye mvua inaingilia, sisi wa hapa tunajua joto la mchana likizidi, jioni radi inaanza na stima inapotea, so beba taa ya sola yenye imechajiwa na usikae karibu na ile sehemu iko wazi. Kadi zikilowa mara moja zinavimba, hazichanganyiki tena vizuri.

Alafu hesabu ya watu. Meza kubwa ya watu wanane wakicheza kitu kimoja inaboesha, mtu anangoja zamu yake nusu saa. Wakiwa wanane gawa wanne wanne, wakiwa tisa weka wanne, watatu, na wawili wa gemu ya vita, ile ya kupiganisha majeshi madogo mezani. Kila meza iwe na mtu mmoja mwenye anajua hiyo gemu kabisa, na kazi yake siku hiyo si kushinda.

Kwa gemu zenyewe, Carcassonne naipenda kwa mgeni, iko na vipande 72 vya ramani, unachukua kimoja unakiweka kando ya vingine, watu wawili hadi watano, na vipande vikiisha gemu imeisha, hakuna kuvutana. Lakini yenye watu wanaulizia ni Catan, ile ya kujenga vijiji na barabara, ya Mjerumani Klaus Teuber, ilitoka 1995, na hapo ndio wengi wanaharibu kwa kufundisha. Usisome kitabu cha sheria kwa sauti. Dakika kumi za kusomewa na watu wameshaingia kwa simu. Sema kwanza mtu anashinda aje: pointi kumi, kijiji ni pointi moja, mji ni mbili. Sema zamu iko aje: unarusha dadu mbili, watu wanapokea kadi za mali kama mbao, tofali, kondoo na ngano, unafanya biashara, unajenga. Basi. Zile zingine zitafundishwa zikitokea, isipokuwa saba. Saba mwambie mapema, ikianguka kila mwenye ako na kadi zaidi ya saba anatupa nusu, ukiwa na tisa unatupa nne, na mgeni akipigwa na hiyo bila kuonywa anaona mmemwibia.

Wakati wa kuweka vijiji vya kwanza usimwachilie mgeni peke yake. Muonyeshe vile vidoti viko chini ya kila namba ya ramani, juu dadu zikianguka namba hiyo, mwenye kijiji hapo ndio anapata mali. Dadu mbili zinaweza kuanguka kwa njia 36, saba iko na njia 6, sita na nane ziko na njia 5 kila moja, lakini mbili ni njia moja tu na kumi na mbili pia moja. Kwa hivyo mtu akiweka kijiji kwa kumi na mbili juu ya kondoo eti kondoo ni wazuri, atakaa hapo akiangalia wengine wakijenga. Tulikuwa na dada mmoja anauza nguo Kibuye, siku yake ya kwanza, nilimwonyesha tu hivyo vidoti na bei ya barabara, mbao moja na tofali moja, na sikumfundisha biashara. Alishika matofali yake akanyamaza. Raundi mbili. Watu wote wanataka barabara, hakuna mwenye ako na tofali. Alafu akaweka kadi moja mezani, imefunikwa, kidole juu, akasema, "Hii ni moja tu imebaki. Nani ako na ngano mbili?" Alikuwa nazo zingine tatu mkononi. Alishinda na pointi kumi saa kumi na nusu, na mpaka leo anakuja.

Taimu sasa. Kama mmechelewa kuanza, kubalianeni kabla ya dadu ya kwanza kwamba leo ni pointi nane badala ya kumi. Kabla, si katikati, juu katikati kila mtu ataona hiyo nane inamfaidi nani.

Kuna watu huja mapema wakingoja meza zijae, na hao wape Codenames, ile ya 2015, maneno 25 yamepangwa tano kwa tano na kiongozi wa timu anatoa neno moja la kuelekeza wenzake, na idadi ya maneno ya kutafuta. Ya duka iko na maneno ya Kizungu, kwa hivyo tulikata manila tukaandika yetu, na nakwambia Kiswahili kimeumbwa kwa hii gemu. Kaa ni yule wa baharini, ni kaa la moto, ni keti. Paa ni la nyumba, ni mnyama, ni kupaa angani. Meza ni fenicha na ni kumeza dawa. Mbuzi ni mnyama na ni ya kukuna nazi, chungu ni cha kupika na ni ladha, tembo ni ndovu na ni pombe ya mnazi. Kiongozi akisema "jikoni, tatu" timu inaanza kubishana kama ni chungu, kaa na mbuzi ama anamaanisha meza, na hapo hata mhudumu anasimama kusikiliza. Andikeni maneno kama mia mbili, inachukua jioni moja tu.

Haya, vita. Wengi wameona Warhammer 40,000 ya Games Workshop ya Uingereza, iko tangu 1987, wakiona bei ya jeshi moja wanakata tamaa. Usianzie hapo. Anza na De Bellis Antiquitatis, watu wanaiita DBA, ilitoka 1990, juu jeshi nzima ni vibao 12 tu, kila kibao ni kikosi kimoja, uwanja ni futi mbili kwa futi mbili, na inaisha ndani ya saa moja hivi. Ni ya vita vya zamani, mikuki, mishale na farasi. Vibao vyenye tunatumia ni vya upana wa sentimita 4, na unaweza kutengeneza kwa katoni. Chukua katoni ngumu isiyo na mawimbi ndani, kama ya boksi la biskuti, bandika mbili pamoja na gundi nyeupe ya mbao, weka chini ya vitabu vizito mpaka kesho. Ukikata kabla haijakauka inajikunja, na kibao chenye kimejikunja hakishikani na mwenzake. Chora wanajeshi ama uprinti kwa saiba, jeshi moja pembeni rangi nyekundu, lingine bluu, ili mtu akitazama kwa mbali ajue nani ni nani.

Uwanja ni shiti ya kijani ya mitumba. Kilima unatengeneza na ile povu nyeupe inakuja na TV mpya, na hapa nisikilize, usiipulizie spreyi moja kwa moja. Nilifanya hivyo na nikaona kilima kinaliwa mbele ya macho yangu, kinaingia mashimo kama jino bovu, kazi ya jioni nzima. Spreyi inayeyusha hiyo povu. Pakaa gundi ya mbao kwanza, mwagia mchanga uliochungwa, ikauke kabisa, alafu rangi ya maji. Vichaka ni dodoki la kuogea, likatwe vipande vidogo lipakwe kijani. Kinamasi ni magugu ya ziwa yaliyokaushwa, hayo hapa hayakosi.

Kucheza kwenyewe, unarusha dadu moja kwa zamu na hiyo namba ndio idadi ya amri zako. Ukipata moja unaweza kusogeza kibao kimoja, ama kundi lenye limeshikana, na hapo ndio mgeni anaelewa haraka kwa nini wanajeshi walikuwa wanasimama bega kwa bega, juu jeshi lenye limetawanyika linahitaji amri nyingi na wewe umepata moja. Vibao vikigusana kila mtu anarusha dadu anaongeza nguvu yake. Mkuki kwa mkuki ni nne kwa nne: wewe umepata sita, jumla kumi, yeye amepata moja, jumla tano, tano ni nusu ya kumi, kibao chake kimekufa. Angepata mbili angesukumwa nyuma tu. Jeshi likipoteza vibao vinne na limepoteza kuliko mwenzake, limeshindwa. Dadu zirushwe ndani ya sinia yenye umetandika leso, hazirukii vibao na hutazitafuta chini ya viti.

Mkishazoea, fanyeni vita vyenye vilitoka hapa kwetu. Juni 1915, Vita ya Kwanza ya Dunia, wanajeshi wa Waingereza walipanda meli hapa Kisumu, wakavuka ziwa mpaka Bukoba, wakapigana siku mbili na Wajerumani, wakaharibu mitambo ya redio. Mezani mlingoti wa redio unauweka nyuma ya mji, mshambulizi ako na zamu kumi za kuufikia. Kwa hii tunaweka refa, vile Waprusia walifanya na gemu yao ya vita ya 1824, Kriegsspiel, kila upande unamwambia refa unachotaka na yeye ndio anajua kila kitu, wewe unaona tu chenye jeshi lako lingeona. Na nawaomba kitu kimoja, wekeni mezani vibao vya wapagazi. Vita ya huku ilibebwa kwa vichwa na mabega, vijana wengi wa hizi pande walichukuliwa kubeba mizigo ya jeshi na wengi hawakurudi. Kwa sheria zetu, bunduki zisizo na wapagazi karibu nazo hazipigi. Mtu akicheza hivyo mara moja hataziona hizo vita tena kama picha za maafisa tu.

Pesa ni rahisi. Kila mtu mia moja kwa kikao, mmoja anashika, mwingine anasoma hesabu kwa grupu kila mwisho wa mwezi. Pesa ya kwanza inunue mifuko ya plastiki ya kuvalisha kadi, si gemu mpya. Na samaki wa kukaanga aliwe meza nyingine, mikono ioshwe na sabuni.

Saa kumi na moja kamili mtu mmoja aseme "raundi ya mwisho". Vipande vihesabiwe kabla watu hawajasimama, Carcassonne irudi 72, vibao 12 kwa 12, juu kipande kimeingia kwa mfuko wa mtu hadi Ahero hakirudi haraka. Alafu hapo hapo, mgeni akiwa bado ameshika kikombe, muulize wiki ijayo anataka kukaa meza gani, na uandike.