Mgonjwa wa mapafu kuanza mazoezi: kabla ya yote angalia mteremko

Hospitali wakishasema mgonjwa wako aanze mazoezi ya mapafu, wote mnakimbilia kuuliza mazoezi gani, dakika ngapi, wakati kwa sisi wa Mbeya swali la kwanza ni atafanyia wapi. Baba mdogo alitibiwa TB zamani akapona ila mapafu yakabaki na makovu, anakaa huku juu upande wa mlima Loleza, siku moja kaamua kutembea akashuka hadi sokoni vizuri tu anapiga na stori, shughuli ikawa kurudi. Tulimkuta kakalia kreti la soda nje ya duka la watu, mikono kwenye magoti, mabega yanapanda na kushuka, salamu hawezi kuitikia. Kwahiyo kama kwenu kuna kilima mgonjwa apande kwanza akiwa na nguvu, kurudi iwe ni kushuka, au bora zaidi mtafute sehemu tambarare. Hata kile kipimo cha hospitali cha kuangalia mgonjwa anatembea umbali gani kwa dakika 6 wanapimia kwenye njia tambarare ya mita 30, mnaweza kupima ya kwenu kwa kamba uwanja wa shule, mkaweka kiti kila mwisho.

Afu kuna hii watu wanaisahau, Mbeya tupo kama mita 1,700 juu ya bahari na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar, Njombe na Makete ndio kabisa. Mzee alopangiwa mazoezi yake Dar akija huku asiendelee nayo vile vile, apimwe upya. Kile kimashine cha kubana kidole kinachopima oksijeni kwenye damu kinaweza kusoma chini kidogo huku, wengi huwa wanasimamisha zoezi ikishuka chini ya asilimia 88 ila muulize daktari namba ya mgonjwa wako ni ipi. Na mwezi wa sita wa saba vidole vikiwa barafu kinadanganya, sugua mikono kwanza, rangi ya kucha itolewe.

Kuanza hospitali au nyumbani? Mi nasema hospitali kwanza. Pale wanaangalia moyo, wanahakikisha kama ni TB haiambukizi tena kabla hajachanganyika na wenzake, na anayetema damu au kubanwa kifua hamna mazoezi hapo, ni daktari. Kawaida ni mara 2 au 3 kwa wiki, wiki 6 hadi 8 au zaidi, na hapo ndo nauli inapoua watu. Akishajua kipimo chake anaweza kuendelea nyumbani, imeshaonekana ya nyumbani nayo inasaidia vizuri tu kama kuna mtu anamfuatilia hata kwa simu. Ila anayetumia oksijeni abaki kwenye uangalizi.

Nyumbani sasa adui ni moshi. Baridi ikibana tunafunga milango na jiko la mkaa tunaliingiza ndani, humo usimfanyishe mtu mazoezi, wala asilale humo. Jikoni kwenye kuni pia hapana. Atoke nje kwenye saa 3 au 4 asubuhi jua likishashika, mdomo na pua afunike na skafu maana hewa ya baridi inabana kifua, na mwezi wa tisa wa kumi mkwepe barabara ya vumbi na jirani anayechoma takataka. Kama kaandikiwa pampu ya bluu, ile dawa ya kuvuta inayofungua njia ya hewa, avute dakika 10 au 15 kabla, na ikae mfukoni kwake, sio kwenye mkoba wa mama aliyebaki nyumbani!

Kukaa na kusimama kwenye kiti ni zoezi zuri sana, ila kiti kiegemee ukuta, vile vya plastiki kwenye sakafu ya sementi vinateleza asee. Zoezi limfanye aheme haraka kidogo lakini aweze kusema sentensi fupi, akishindwa kumaliza salamu za Kinyakyusa apumzike. Kupumua atoe hewa taratibu kwa midomo iliyobana, kama anapuliza kibatari bila kukizima.

Simu iwe na chaji, namba ya bodaboda wa jirani iwemo. Baba mdogo saivi ana kamba yake ya manila mita 30, viti viwili, na kile cha mbali kila siku anakuta mjukuu kashakikalia.