Kabla ya Kupanda Mbetula wa Mito, Pima Udongo

Julai ya mwaka wa pili, majani ya mti wangu yaligeuka manjano, ikabaki mishipa tu yenye kijani. Nilidhani ni kiu, nikaongeza maji. Wiki mbili baadaye majani machanga ya kileleni yalikuwa yamepauka kabisa na kingo zake zimeanza kuungua. Mti ule niliupanda hatua tatu kutoka msingi wa nyumba, hapa Ohio, Marekani, mahali ambapo wajenzi walifukia mabaki ya zege. Udongo wake ulikuwa umejaa chokaa, na mimi sikuupima.

Nayaandika haya kwa ajili ya ndugu zetu waliopata kiwanja au ekari chache huku Ohio, Kentucky, Iowa na Missouri. Wengi wao wamelima Kigoma, Kivu au kwenye bustani za kambi ya Nyarugusu, na hawahitaji kufundishwa kushika jembe. Miti ya huku ndiyo migeni kwao. Swali ninaloulizwa mara kwa mara ni hili: kuna mti gani wa kivuli unaokua upesi, usioogopa maji ya mafuriko, na usiokufa kwa baridi ya Januari? Jibu langu huwa ni mbetula wa mito. Kitaluni utaukuta na kibao kilichoandikwa River Birch, na chini yake jina la kisayansi, Betula nigra. Lisome hilo jina la kisayansi, kwa sababu mibetula iko ya aina nyingi, na tofauti kati ya aina na aina ndiyo itakayoamua kama mti utakuwa hai miaka kumi ijayo.

Huu ni mti wa asili wa mashariki ya Marekani, kuanzia New Hampshire hadi kusini ya Minnesota, na kushuka mpaka kaskazini ya Florida na mashariki ya Texas. Makazi yake ni kingo za mito na mabonde yanayofurika, kama mkuyu ulivyo kwetu. Ukifika mtoni, unaujua kwa gome lake linalobanduka kwa mikunjo myembamba kama karatasi, lenye rangi ya waridi iliyochanganyika na mdalasini. Mti ukizeeka, gome la chini huwa jeusi na la magamba. Msituni hufikia mita 15 hadi 25. Uani, penye unyevu wa kutosha, hurefuka sentimita 45 hadi 60 kwa mwaka, hata zaidi ukiwa mchanga, na baada ya miaka 20 tarajia urefu wa mita 9 hadi 12.

Ugumu wake umepimwaje

Tukisema mti ni mgumu, ni lazima tuseme ni mgumu dhidi ya nini. Kuna mti unaostahimili baridi ya nyuzi 30 chini ya sifuri halafu ukauawa na joto la Agosti. Mwingine huvumilia vyote viwili, kisha mdudu mmoja akaumaliza. Watafiti wamelishughulikia jambo hili kipande kwa kipande, na majibu yao ni ya kumsaidia mkulima.

Jaribio ninalolithamini kuliko yote lilifanyika hapahapa Ohio. Mwaka 1979 ilipandwa mibetula ya aina mbalimbali katika shamba moja, udongo mmoja na hali ya hewa moja, kisha ikaachwa ikabiliane na mbawakawa mdogo aitwaye Agrilus anxius. Nitamwita bungua wa shaba, kwa rangi yake. Mabuu yake huchimba njia za kupindapinda chini ya gome, wakakata mirija inayopitisha chakula na maji, na mti hufa kuanzia kileleni kuja chini. Mibetula ilifuatiliwa kwa miaka 20. Mwaka 2011 watafiti David Nielsen, Vanessa Muilenburg na Daniel Herms walichapisha matokeo. Mibetula myeupe ya Ulaya, ile ambayo watu huinunua kwa uzuri wa shina lake, ilishambuliwa yote na kufa yote ndani ya miaka 8. Aina nyingine za Ulaya na Asia nazo hazikupona. Mbetula wa karatasi, ambao ni wa Amerika Kaskazini, ulibaki hai kwa sehemu kubwa. Mbetula wa mito ulibaki hai karibu wote, na hakuna hata mmoja ulioonyesha dalili kwamba bungua aliwahi kuingia.

Miaka ishirini ni muda mrefu kwa jaribio la shambani. Majaribio mengi huisha baada ya misimu miwili au mitatu, na mti ni kiumbe anayeweza kukupendeza kwa miaka saba, wa nane ukafa. Kwa hiyo muuzaji akikuonyesha mbetula wa Ulaya wenye shina jeupe na kukwambia ni wa bei nafuu, kumbuka kwamba gharama ya kuukata mti mkubwa uliokauka karibu na nyumba inazidi sana bei ya mche.

Upande wa joto, Thomas Ranney na Mary Peet wa Chuo Kikuu cha North Carolina State walichapisha kazi yao mwaka 1994. Walichukua mibetula ya aina tano na kupima jinsi majani yalivyoendelea kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua, huku joto likipandishwa kutoka nyuzi 25 hadi 40 za sentigredi. Kwenye joto la juu mbetula wa mito ndio ulioongoza, na mbetula wa karatasi ndio uliozorota kuliko wote. Mti ambao majani yake yanaacha kufanya kazi mchana wa joto hauweki akiba, na mti usio na akiba ni rahisi kwa bungua. Ndiyo maana mibetula ya nchi za baridi ikipandwa kwenye mabonde ya kusini huonekana kama imerogwa.

Kuhusu baridi, mbetula wa mito hupandwa katika kanda ya 4 hadi ya 9 za ramani ya Wizara ya Kilimo ya Marekani. Mpaka wa chini wa kanda ya 4 ni kama nyuzi 34 chini ya sifuri. Ramani hiyo ilitolewa upya mwaka 2023, na karibu nusu ya nchi ilisogea nusu kanda kuelekea joto. Lakini ramani inakupa wastani wa usiku wenye baridi kuliko yote katika mwaka, basi. Haisemi lolote juu ya udongo wako, wala juu ya mbegu ya mche wako ilikotoka.

Hili la mbegu linasahaulika sana. Mti haujiandai kwa baridi siku theluji inapoanguka. Siku zinapofupika mwishoni mwa kiangazi, mti huacha kurefuka, hufunga machipukizi yake, na kila wiki ya baridi kidogo huuongezea uwezo wa kustahimili baridi kubwa zaidi. Kila mti umezoea urefu wa siku wa kwao. Mche uliotokana na mbegu za Georgia ukiupeleka Minnesota, unaendelea kukua wakati jirani zake wameshalala, na baridi ya kwanza inayakuta matawi bado laini. Muulize mwenye kitalu: mbegu za miche hii zilitoka jimbo gani? Asiyejua chimbuko la miche yake, nenda kwa mwingine. Aina zilizoteuliwa na kuzalishwa kwa vipandikizi zina nafuu hapa, maana kila mche ni nakala ya mti mmoja. Heritage, kwa mfano, iliteuliwa na Earl Cully wa Illinois, na inajulikana kwa gome linaloanza kubanduka mapema na majani yasiyoshikwa sana na madoa. Dura-Heat iliteuliwa Georgia kwa ajili ya joto. Kwa Iowa au Ohio ningechukua Heritage. Kwa kingo za mto mrefu ningepanda miche ya mbegu za karibu, ili isiwe yote ya damu moja.

Udongo, ndipo penye tatizo

Mti uliopita majaribio yote hayo una udhaifu mmoja mkubwa: chokaa. Unataka udongo wenye uchachu, yaani pH (kipimo cha uchachu, ambacho kikishuka uchachu unazidi) ya 6.5 au chini yake. Huko kwenye uchachu ni shujaa kweli. Kusini-mashariki ya Ohio unaota kando ya vijito vichachu ambavyo miti mingi haivumilii, na umetumika kufunika tena ardhi iliyoharibiwa na migodi ya makaa ya mawe. Lakini pH ikipanda kuelekea 7 na kuendelea, madini ya chuma yaliyomo udongoni hugeuka kuwa kitu ambacho mizizi haiwezi kukinyonya. Chuma kipo, mti unakufa njaa ya chuma. Majani machanga huwa manjano na mishipa kubaki kijani, kama ya kwangu yalivyokuwa. Sehemu kubwa ya Magharibi ya Kati ya Marekani imekaa juu ya mawe ya chokaa, na hata penye udongo mzuri, zege la msingi na la njia ya gari huachia chokaa kidogo kidogo kwa miaka.

Kabla ya kununua mche, chukua udongo kutoka sehemu nne au tano za mahali utakapopanda, kina cha sentimita 15 hadi 20, uchanganye kwenye ndoo safi ya plastiki na uukaushe kivulini. Ofisi ya ugani ya kaunti yako itakuelekeza maabara ya kuupeleka. Ukitaka dalili ya haraka, weka kijiko cha udongo mkavu kwenye sahani na uumwagie siki. Ukitoa povu, una chokaa nyingi. Panda mti mwingine, au tafuta kona nyingine ya kiwanja.

Watu huniuliza kama salfa haiwezi kurekebisha. Inaweza, ikiwa pH imezidi kidogo tu. Salfa huliwa na bakteria wa udongoni, ambao ndio wanaotoa uchachu, na kazi hiyo huchukua miezi. Penye chokaa iliyojaa, kila uchachu unaotengenezwa unamezwa palepale, na utamwaga salfa kila mwaka bila mafanikio. Mti ambao tayari una njano unaweza kusaidiwa kwa mbolea ya chuma ya aina ya EDDHA, inayobaki ikinyonyeka hata kwenye pH ya juu. Huwekwa mapema majira ya kuchipua na hurudiwa. Mimi niliufanyia hivyo wangu kwa misimu miwili, kisha nikaung'oa na kupanda mwingine bondeni, mita arobaini kutoka nyumbani. Huo wa bondeni haujaniomba kitu.

Kupanda na kutunza

Siku chache kabla ya kuchimba, piga simu namba 811. Ni bure, na watakuja kuweka alama za mabomba ya gesi na nyaya zilizofukiwa. Kaa mbali na bomba la maji taka, kwa sababu mizizi ya mti huu huenda mbali kutafuta maji.

Shimo liwe pana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, na kina kisizidi urefu wa bonge lenyewe. Pale shina linapotanuka kuingia mizizini pabaki juu ya ardhi, paonekane kwa macho. Mizizi iliyozunguka chungu ikunjue au uikate. Tandaza chipsi za mbao kwa unene wa sentimita 5 hadi 10, duara pana, lakini matandazo yasiguse shina. Mwagilia kwa kina mara moja au mbili kwa wiki kwa misimu miwili ya mwanzo, ukipima kwa kidole, si kwa kalenda. Mti huu huvumilia maji ya mafuriko yanayokuja na kuondoka. Bwawa la kudumu hauliwezi, na ukame hauupendi. Kiangazi kikiwa kikavu utaona majani ya ndani yakigeuka manjano na kudondoka Julai. Hiyo ni njia yake ya kupunguza kiu. Tofauti na upungufu wa chuma, hapa jani huwa manjano lote pamoja na mishipa, na huanza yale ya zamani.

Kama mche uko kwenye chungu na msimu wa baridi umekukuta hujaupanda, fukia chungu ardhini. Mizizi haina ugumu wa matawi. Baridi ambayo tawi halihisi inaweza kuua mizizi iliyo kwenye chungu juu ya sakafu. Vuli zungushia shina wavu wa chuma, maana paa dume husugua pembe zao kwenye mashina laini, na sungura hutafuna gome chini ya theluji.

Majira ya kuchipua majani yanaweza kujikunja matuta kwa sababu ya vidukari. Mti mzima unavumilia, usipige dawa. Usipogoe mwishoni mwa baridi, kwani utomvu hutiririka sana. Subiri majani yakomae, katikati ya kiangazi. Miche inayouzwa ikiwa na mashina matatu mara nyingi ni mitatu iliyopandwa shimo moja; chagua yale yaliyoachana vizuri, kwa kuwa mashina yanayosukumana hupasuka kwa upepo yakinenepa.

Na kama una mto wenye miti hii karibu, unaweza kuotesha yako mwenyewe. Mibetula mingine ya huku hukomaza mbegu vuli, lakini huu hukomaza mwishoni mwa Mei na Juni, maji ya mafuriko yanapoanza kushuka na kuacha matope mapya. Chuma vishada vinapoanza kuwa kahawia, visugue kiganjani, na umwage mbegu siku hiyohiyo juu ya mchanga laini uliolowa, mahali penye mwanga. Usizifunike kwa udongo, na usiuache mchanga ukauke hata siku moja. Mbegu hizi hazihitaji kupitia baridi kwanza ndipo ziote, na ukiziweka ndani ya bahasha mpaka msimu ujao, nyingi zitakuwa zimeshakufa.