Una madoa ya zamani na unataka kuingia loji ya Frimasoni? Soma hapa kabla hujajaza fomu

Nianze na la kwangu ili ujue naongea nikiwa na makovu. Nikiwa na miaka 22 nilifungwa miezi 9 kwa kununua mali ya wizi, nikatoka nikaingia kwenye pombe kama miaka minne hivi, ile ya asubuhi mpaka usiku. Nilipokuja kuomba kuingia Frimasoni, kile chama cha kidugu ambacho matawi yake yanaitwa loji, nilikuwa na 37, nina mke na watoto, kazi imetulia, na kwenye fomu palipouliza kama nimewahi kutiwa hatiani nikaandika HAPANA. Nikajiambia ni mambo ya kale yale, nani atayakumbuka. Wakayakuta. Hawakunitukana wala nini, mzee mmoja wa kamati inayochunguza waombaji alinipigia tu akasema "kijana, kile kifungo tungekizungumza, ila hii hapana yako hatuna pa kuiweka." Haya yote ninayokuandikia nimeyajua baada ya ile simu.

Kwanza tufagie uchafu. Ukiona mtu mtandaoni anakwambia jiunge Frimasoni upate utajiri, tuma hela ya usajili kwenye namba hii, huyo ni tapeli hata kama kaweka alama yao, picha ya bikari na ile herufi G. Loji ya kweli haikufuati inboksi na haikuahidi hela, tena we ndo unatoa, kuna ada ya kuingia na ada ya kila mwaka. Na sisi wenye rekodi chafu ndo tunanaswa kirahisi, manake tapeli anakwambia "huku hatuulizi maswali" na we moyo unatulia. Loji isiyouliza maswali ikimbie.

Sasa kwa nini wanachimba hivyo? Mwaka 1717 loji nne za London ziliungana zikaunda Loji Kuu ya kwanza, yaani chombo cha kusimamia loji, na Katiba yao iliyochapwa 1723, ile iliyoandikwa na James Anderson, ilishasema wanaopokelewa wawe watu wema na wakweli, wasiwe wa aibu na kashfa, wawe watu wanaosemwa vizuri. Angalia hilo neno, wanaosemwa. Mi nalichukulia kwamba wanataka kujua majirani na wafanyakazi wenzako wanakuongeleaje leo, na kama miaka 15 iliyopita walikuita mwizi na leo wanakuachia funguo za ofisi basi una cha kuongea. Halafu loji inashika hela za misaada, za wajane na wagonjwa, na leo wewe ni mgeni lakini kesho kutwa unaweza kuwa mweka hazina, kwa hiyo wakiuliza usinune.

Ila usije ukadhani kuna sheria moja ya dunia nzima. Frimasoni hawana makao makuu ya dunia, kila Loji Kuu inajitawala, na Marekani kila jimbo lina yake. Ndo maana sehemu moja mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa kubwa haingii kabisa, sehemu nyingine jina lake linapelekwa juu kuombewa kibali, na kwingine wanaiachia loji yenyewe ipime. Kwa hiyo kazi yako ya kwanza ni kuitafuta sheria ya Loji Kuu ya hapo ulipo, au umuulize katibu wa loji kwa barua fupi tu, "nina hukumu ya mwaka fulani kwa kosa fulani, je sheria yenu inaniruhusu kuomba?" Bora uambiwe hapana hapo kuliko baada ya watu kukuwekea saini.

Kuhusu aina ya kosa nitasema ninavyoona mimi. Ngumi za ujanani, bangi, ulevi, kufilisika, ndoa iliyovunjika, haya watu wazima wanayaelewa, nusu yao wamepita mlemle. Wizi na utapeli ni mgumu zaidi sababu ya zile hela nilizosema, hapo miaka mingi ya usafi ndo itakubeba. Makosa ya kuumiza watoto, kiukweli usijisumbue. Na kama bado unatumikia kifungo cha nje au una kesi inaendelea, subiri iishe kwanza. Hata madeni, maana wataangalia kama zile ada unazimudu bila familia yako kuumia, sasa kama unakwepa simu za waliokukopesha malizana nao kwanza.

Haya, karatasi. Kabla hujamwambia mtu yeyote kaa chini uandike ukurasa mmoja, mmoja tu, sio riwaya. Mwaka, kosa lilikuwa nini, mahakama iliamua nini, ulimaliza lini, aliyeumia ulimlipa au hukumlipa, na tangu hapo umefanya nini. Rasimu yangu ya kwanza iliandikwa "nilijikuta nimeingia kwenye makundi mabaya", mke wangu akaisoma akacheka, akaniuliza hayo makundi yalikubeba mgongoni? Nikafuta, nikaandika "nilinunua redio tatu na baiskeli nikijua zimeibwa, nilitaka kuziuza kwa faida." Inauma kuiandika lakini ndo sentensi ambayo kamati haikuniuliza tena. Ambatanisha nakala ya hukumu ukiipata, na cheti cha polisi cha tabia njema kama kwenu kinatolewa, kwa sababu siku hizi Loji Kuu nyingi zinakagua rekodi zenyewe na ni vizuri wakute kilekile ulichosema.

Halafu wadhamini. Kwa kawaida wanatakiwa wawili, mmoja anapendekeza jina lako na mwingine anaunga mkono, na wote wanaweka saini. Hapa ndo wengi tunaharibu. Mdhamini anakukopesha jina lake mbele ya watu aliokaa nao miaka ishirini, sasa ukimficha halafu wenzake wakayakuta kwenye rekodi, aliyedhalilika ni yeye kuliko hata wewe. Mwambie KABLA hajashika kalamu, mwambie yote, na umpe mlango wa kutokea. Mimi safari ya pili nilisema hivi: "kaka, kabla hujasaini soma hii karatasi, ukae nayo wiki nzima, na ukiniambia hapana bado tutakunywa chai kama kawaida." Alikaa nayo siku tatu. Alirudi na maswali mawili, yule mwenye baiskeli alirudishiwa? na mkeo anajua? Yote ndiyo, akasaini.

Kama humjui mwanachama hata mmoja si mwisho, unaweza kuiandikia loji ukaomba kukutana nao, watakualika mzungumze, mle chakula, wakuzoee. Itachukua miezi na iache ichukue.

Kamati ya uchunguzi mara nyingi ni watu watatu na mara nyingi wanakuja nyumbani kwako, wanataka kuona unaishije na wenzako ndani wanasemaje. Usimpangie mkeo maneno. Wa kwangu aliulizwa kama anafurahia mimi kuingia, akasema anafurahia kama nitakuwa narudi nikiwa na akili zangu, kimya kikatanda sebuleni, halafu wote watatu wakacheka na ule usaili ukawa maongezi. Watakuuliza kama unaamini Mungu, dini yoyote sawa ila kuna lazima ya kuamini, na kama umekuja kwa hiari yako mwenyewe. Umri ni 18 au 21 kutegemea na mahali. Wakifika kwenye lile doa usilie wala usihubiri jinsi ulivyookoka, jibu swali unyamaze.

Kidogo kuhusu pombe kwa wenzangu tulioacha. Loji nyingi baada ya kikao kuna chakula na kunyanyua glasi, baadhi ya sehemu, hasa Marekani, majengo mengi ya loji hayaruhusu kilevi kabisa. Uliza mapema, na waambie utanyanyua maji. Hakuna anayejali, mi miaka yote nanyanyua maji.

Kura sasa. Kuna kisanduku chenye tundu, kila mwanachama anaingiza mkono anadondosha kigololi, cheupe ni ndiyo, cheusi ni hapana, hakuna anayejua nani kaweka nini. Uingereza vyeusi vitatu vinakukata na loji ikitaka inaweza kujiwekea ukali zaidi, Marekani sehemu nyingi hata kimoja kinatosha. We hutakuwepo, utapigiwa simu. Ukiangukia pua usianze kumtafuta aliyeweka cheusi, ukianza tu uchunguzi huo umewathibitishia. Uliza unaruhusiwa kuomba tena baada ya muda gani, mara nyingi ni miezi 6 au mwaka, ukae kimya.

Na Frimasoni sio mlango pekee. Kuna Independent Order of Odd Fellows, chama kingine cha kidugu, Thomas Wildey aliwaanzisha Baltimore mwaka 1819, kazi yao tangu zamani ni kutembelea wagonjwa, kusaidia wenye shida, kuzika wafu na kusomesha yatima. Kuna Knights of Columbus walioanzishwa na padri Michael McGivney mwaka 1882 kwa wanaume Wakatoliki, na Mkatoliki ndo anatakiwa aangalie huko maana Kanisa limekataza Frimasoni tangu 1738 na likarudia tena 2023. Dada zangu nao wasiachwe, kuna Le Droit Humain, tawi la Frimasoni ambalo loji zake zinapokea wanaume na wanawake tangu 1893. Nao wana masharti yao, kwa hiyo ule ukurasa wako utaufanyia kazi hukohuko.

Kitu cha mwisho ambacho mimi sikuambiwa na mtu. Ukirudi kuomba mara ya pili fomu itakuuliza kama uliwahi kuomba ukakataliwa, na mkono utataka kuandika hapana tena. Fomu yangu ya pili ilikuwa na ndiyo mbili, nimefungwa, nimekataliwa. Ile kamati ikaongozwa na mzee yuleyule aliyenipigia simu, akasoma fomu, akaguna, akakunja miwani akaniuliza kama Alhamisi jioni nitakuwa nyumbani.